Mgeni wa Kofia Pana

"Ukiendelea kunitazama hivyo, boti itaniacha," daktari alisema.

"Ikuache."

"Na mama nitamleta kwa njia gani? Kwa kuogelea?"

Mwalimu alicheka. Walikuwa wamesimama mwishoni mwa gati, jua ndio kwanza linachungulia, begi dogo la daktari likiwa miguuni pao. Nahodha wa boti ya asubuhi alijifanya anakagua injini ambayo haikuwa na tatizo lolote, masikio kayatega yote mawili. Ndivyo kisiwa kilivyokuwa. Ukijikwaa upande huu, upande wa pili wanakupa pole.

Wageni walikuja hapo kwa ajili ya mchanga mweupe, pomboo na samaki wa kila rangi, na zaidi ya yote kwa ajili ya kasa. Mwalimu ndiye aliyewafundisha kuzamia. Wenzake kazini walimwita Mwalimu Pumua, kwa sababu neno hilo lilimtoka kinywani tangu asubuhi hadi jioni: pumua, mama, pumua, kaka, usizuie pumzi, pumua. Daktari naye alikuwa daktari wa kasa. Nyuma ya nyumba za wageni alikuwa na hospitali yake ndogo yenye matangi ya maji, alikowatibu kasa walionaswa na nyavu au kukatwa na pangaboi za boti.

Walipendana siku ya kumrudisha baharini kasa mmoja mzito aliyekuwa amepona. Daktari alihitaji mtu wa kumsaidia kumbeba, akamwomba mwalimu ashike upande wa pili. Wakaingia naye hadi maji ya kiunoni, wakamwachia, kasa akaenda zake bila hata kuaga. Wao wawili wakabaki pale mikono ikiwa majini, wanatazamana, hakuna anayekumbuka kutoka. Ngazi, msaidizi wa mwalimu, jamaa aliyepata jina hilo kwa urefu wake, alilazimika kuwapigia kelele kwamba chakula kinapoa.

"Safari hii mama alisema nini kwenye simu?" mwalimu aliuliza.

Daktari aliyakwepa macho yake. "Yale yale."

"Niambie."

"Hutapenda kuyasikia."

"Niambie tu."

"Kasema hakunizaa nije nioe mwanamke aliyeachika, anayeshinda baharini kabanwa na nguo ya mpira, anawashika mikono waume za watu." Alimshika kidevu, akamwinua uso. "Hakujui. Akikuona tu atakupenda."

"Aliyetangulia naye aliniambia hivyo hivyo."

"Mimi si aliyetangulia."

"Najua. Ndiyo maana naogopa zaidi."

Mwalimu alikuwa amekubali kuolewa naye kwa sharti moja tu, kwamba mama yake aridhie kwa kinywa chake mwenyewe. Si kwa kutumiwa mtu, wala kwa kunyamaza watu wakahesabu kwamba amekubali. Katika ndoa yake ya kwanza mama mkwe hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa heshima yoyote. Alimwita "huyo". Huyo amepika nini leo. Mwambie huyo anipishe. Ndoa ile ilikufa polepole, na hakuna aliyeinua mkono kuizuia.

"Na akikataa katakata?" aliuliza.

"Nitakuoa hivyo hivyo. Mimi ni mtu mzima."

"Hilo sitalikubali. Nimeshaishi na mwanamume aliyegombana na mama yake kwa ajili yangu. Wakikorofishana wao, chai yangu ndiyo iliyokuwa chungu." Alimwekea begi mkononi. "Nenda. Mlete. Aseme hapana mbele yangu, nami nitajua la kufanya."

"Utafanya nini?"

"Nitakuacha," alisema, na sauti ikamkatikia hapo hapo.

Daktari alimkumbatia kwa nguvu, nahodha au si nahodha. Kisha akaingia kwenye boti. Alisimama nyuma anapunga mkono mpaka boti ikawa nukta, na mwalimu akabaki amesimama hata nukta yenyewe ilipokwisha.

Boti ya wageni iliingia kutoka bandari nyingine, jua likiwa limeshapanda. Waliteremka maharusi wawili walioshikana mikono kana kwamba wangeibwa, na nyuma yao akateremka mama mmoja wa makamo aliyekuwa na kofia pana kupita kiasi. Upepo ulipoivuta alitishia kuipiga, na kofia ikatulia.

"Ndiwe mwalimu?" alimwuliza mwalimu, akimkagua kuanzia unyayoni.

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Ahsante. Nataka kuzama. Nataka kuwaona kasa kwao, si kwenye matangi."

"Umewahi kuzamia?"

"Hata kuogelea sijui. Utanifundisha. Si ndiyo kazi yako?"

Mwalimu alitabasamu. Wageni wa aina hii aliwapenda, waliojaa amri mdomoni na hofu kifuani. Aliwauliza wote watatu maswali aliyomwuliza kila mgeni: kuna mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kuumwa masikio, mwenye mafua? Maharusi walitikisa vichwa. Mama wa kofia alisema yeye ni mzima, na tangu azaliwe hajalala kitanda cha hospitali akiwa mgonjwa.

Ngazi akawachukua maharusi, mwalimu akamchukua mama. Wakaingia kwenye maji ya kifuani, pale mchanga ulipoonekana mpaka chini na samaki wadogo walipita katikati ya miguu ya watu. Alimvalisha miwani, akamfundisha kubana pua na kupuliza taratibu mpaka masikio yazibuke. Akamwekea kipumulio mdomoni.

"Sasa inamisha uso. Mimi nimekushika. Pumua."

Mama aliinamisha uso, akauinua hapo hapo, akatema kipumulio.

"Siwezi."

"Unaweza. Tena."

Safari ya tatu alikaa. Alikaa muda mrefu, vidole vyake vimeng'ang'ania mkono wa mwalimu mpaka kucha zikaacha alama, na alipoinuka macho yalikuwa yamemtoka kwa furaha.

"Nimemwona mmoja wa njano! Kanitazama!"

"Ulikuwa unapumua vizuri, mama."

"Niache nipumzike kidogo." Lakini mdomo wake haukujua kupumzika. "Umeolewa, mwanangu?"

"Niliolewa."

"Ukaachika."

"Nikaachika."

"Kisa?"

Katika maji watu huulizana mambo ambayo ukumbini wasingeulizana, na mwalimu alikuwa ameshazoea. "Mama mkwe hakunitaka," alijibu.

"Haya! Kila siku ni mama mkwe!" Mama aliyapiga maji kwa kiganja. "Mume analewa, mama mkwe. Chakula kimeungua, mama mkwe. Ulikaa ukamwuliza anachotaka?"

"Nilikuwa mdogo. Nilimwitikia ndiyo kwa kila kitu, nikidhani ndiyo heshima. Akaniona sina uti wa mgongo."

"Na mume?"

"Alikuwa mtu mwema. Aligombana naye kwa ajili yangu, ila mwisho akasimama katikati yetu, haoni upande wowote." Mwalimu alimrekebishia mkanda wa miwani. "Turudi kazini, mama. Usizuie pumzi. Pumua."

Mama aliangua kicheko, kicheko kizima cha tumboni.

"Pumua! Unajua wewe, na mimi hilo neno limenipa chakula maisha yangu yote? Nimekuwa mkunga mpaka nikastaafu. Pumua, usisukume, pumua! Ndiyo maana ukinikemea nasikia nipo kazini."

Mwalimu alicheka naye, na kicheko kikamfia njiani. Mkunga mstaafu, kazi ile ile daktari aliyomsimulia kuwa ya mama yake. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo alipouona mwanya wa meno ya mbele, na nyusi zinazopanda moja kabla ya nyingine. Alikuwa amevibusu vitu hivyo alfajiri ile ile kwa mtu mwingine. Mama yake daktari! Mwanawe kaenda kumfuata nyumbani, naye kaja kumpima mkwe kwa siri. Na yeye kapayuka habari za mama mkwe wake wa kwanza bila kuacha hata neno!

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Pumua."

Simu ya daktari iliingia mchana, mwalimu akiwa kwenye chumba cha vifaa anasuuza miwani.

"Nimepagawa," daktari alisema. "Mlango una kufuli. Jirani anasema mama kaondoka na begi na kofia kubwa, hakuaga mtu. Nimepiga simu yake mpaka kidole kinauma. Mama yangu hajawahi kusafiri bila kutangaza kwa mtaa mzima!"

"Yupo hapa."

"Nani?"

"Mama yako. Yuko mzima, amekula, amepumzika kivulini. Nimemfundisha kuzamia asubuhi nzima. Hajui kwamba nimemtambua."

Kisha daktari akaanza kucheka kicheko cha mtu anayekaribia kulia.

"Mpenzi, nisikilize. Mpe kila anachotaka. Akitaka kofia yake ibebwe, ibebe. Akisema bahari ni tamu, mwambie ina sukari. Leo tu. Nakuomba."

"Anataka kushuka kwenye matumbawe pamoja na wenzake mchana huu. Kuwaona kasa."

"Basi mshushe! Akimwona kasa mmoja tu kwa macho yake, kazi imekwisha. Mwonyeshe kwa nini niko huku. Nakupenda, unasikia? Narudi na boti ya kwanza nitakayoipata."

"Nakupenda pia," mwalimu alisema, na baada ya simu kukatika akabaki ameibana kifuani. Alitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitaka kuamka kila siku akasikia viatu vya mtu yule mlangoni. Na kwa mara ya kwanza lilionekana liko karibu, umbali wa kumfurahisha mama mmoja mchana mmoja.

Boti ya wazamiaji ilitia nanga juu ya matumbawe, maji yakiwa meupe mpaka vivuli vya samaki vilionekana. Maharusi walikuwa wanavaa mitungi ya hewa, Ngazi anawakagua. Mwalimu alimfunga mama mkanda wa uzito kiunoni, akimsimulia watakapopita na mahali kasa hupenda kulala. Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa hasemi sana, na hilo peke yake lilimshangaza mwalimu.

Alipogeuka kuchukua kipumulio, aliona kwa pembe ya jicho mama anainua kichwa nyuma ya taulo, kichupa kidogo kikiwa puani.

"Mama, hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho ulichokificha kwenye taulo."

"Dawa ya macho."

"Umeitia puani."

"Vumbi limeniingia, mwanangu. Kidogo tu."

"Vumbi, mama? Huku katikati ya bahari?"

Bibi harusi alicheka, kisha akaziba mdomo. Mwalimu alichuchumaa mbele ya mama. Kwa karibu aliona macho mekundu, akaisikia na sauti ile iliyoziba ambayo upepo na injini vilikuwa vimeificha.

"Una mafua."

"Yalikuwa ya jana. Asubuhi si niliweza? Masikio si yalizibuka?"

"Yalizibuka kwa nguvu ya dawa. Na pale yalikuwa maji ya kifuani. Huku tunashuka. Dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, masikio yanaziba, ngoma ya sikio inapasuka, na mtu hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi. Nimeshamwona aliyepatwa na hilo. Sitaki kumwona wa pili."

"Basi tutashuka kidogo tu."

Mwalimu aliisikia sauti ya daktari kana kwamba amekaa naye kwenye boti. Mpe kila anachotaka. Leo tu. Kulikuwa na njia nyepesi, na aliiona. Pengine dawa ingedumu. Pengine wangeshuka kidogo, wakamwona kasa mmoja, wakapanda, na mama akashuka kwenye boti akiwa mama mkwe. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema haya.

"Huzami, mama," alisema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mama alisimama, mkanda wa uzito ukimning'inia, kofia ikipepea. "Nimezalisha watoto ambao leo wana vipara. Wewe ndiye wa kunifundisha mafua?"

"Huzami."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ni mama yake daktari."

Ngazi aliangusha pezi la kuogelea. Bwana harusi, ambaye hakujua daktari ni nani wala mgogoro umetoka wapi, aliketi polepole ili asikose neno.

"Tangu lini unajua?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu asubuhi. Uliposema ulikuwa mkunga."

"Na unajua nilichokuja kufanya."

"Kunipima."

"Basi ujue na hili. Mimi sijawahi kuzuiwa mbele za watu. Ukinizuia leo, hilo jibu unalolingoja umeshalipata."

Mwalimu aliinama, akaufungua mkanda wa uzito aliokuwa ameufunga mwenyewe muda mfupi uliopita, akauweka sakafuni.

"Nimesikia, mama," alisema. "Kaa kivulini, jua ni kali. Ngazi, wateremshe maharusi. Mimi nabaki."

Walipokwisha kuzama, nahodha wa boti ile alijifunika kofia usoni akajitia amelala. Mama alikaa upande mmoja, mwalimu upande wa pili, mapovu ya wazamiaji yakipanda na kupasuka juu ya maji kati yao na mwamba.

Mwalimu alitazama mapovu tu. Alikuwa anajiuliza atamwambiaje daktari. Angemngoja pale pale gatini, angesema imekwisha, wala asingemlaumu mama. Angehama kisiwa, maana kukaa kisiwa kimoja na mtu unayempenda na usiye naye, nani anaweza?

Mama alipiga chafya. Akapiga nyingine. Ya tatu ilimtoa kofia kichwani, na zilizofuata zilikuwa hazina mpangilio wala heshima. Mwalimu aliinuka, akampa taulo, akarudi mahali pake.

"Usinicheke," mama alisema ndani ya taulo.

"Sicheki, mama."

Mama aliteremsha taulo, akamtazama. "Unalia."

"Ni maji ya chumvi."

"Wewe umesema baharini hakuna vumbi. Na mimi nasema hayo si maji ya chumvi."

Mwalimu alijifuta kwa nyuma ya kiganja, na kwa kuwa hakuwa tena na kitu cha kulinda, alisema kweli. "Ninampenda mwanao. Ninampenda mpaka naona aibu. Na asubuhi nilikuwa nimeapa nitakuitikia kila utakalosema."

"Ulimwitikia yule wa kwanza."

"Yule hakutaka kuzama na mafua."

Mdomo wa mama ulicheza upande mmoja. Alizuia asicheke, akashindwa, akapiga chafya badala yake. Akaanza kuikunja na kuikunjua taulo.

"Kuna siku mke wa mkubwa wangu wa kazi alikuja kwenye chumba cha kujifungulia," alisema. "Mkwe wake alikuwa ndani, na mtoto amekaa vibaya. Mama yule anataka kuingia, anataka kumpa binti vitu vyake alivyovichemsha nyumbani. Nikamkataza. Akaniuliza kama ninamjua yeye ni nani. Nikamshika mkono nikamtoa nje."

"Akakusamehe?"

"Alinichukia mpaka nastaafu. Mumewe alinihamishia zamu mbaya zote." Mama alivuta pua. "Lakini mtoto alizaliwa salama. Siku nyingine namwona njiani, jitu lenye ndevu, linanipita halinijui. Nacheka peke yangu."

"Na mimi nimekukasirisha, mama."

"Umenikasirisha sana. Bado nina hasira, usidhani zimekwisha." Akageukia maji. "Daktari wako ndiye mtoto wangu wa mwisho. Wenzake hunipigia simu wakikumbuka. Yeye hupiga kila jioni. Tangu akujue, kila jioni ni wewe. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kacheka vile, mwalimu hapendi chai ya moto sana. Nakaa na simu sikioni najiuliza, mimi je? Nikishampa huyu mwanamke kijana wangu, mimi nabaki na nani?" Sauti yake iliziba zaidi, na si kwa mafua peke yake. "Nilitaka kushuka huko chini nikaone kilichonichukulia mwanangu."

Mwalimu alihama upande wake, akakaa karibu naye, si karibu mno.

"Ukipona nitakushusha mwenyewe," alisema. "Hata kama jibu ni hapana. Hata kama sitakuwa na mwanao. Utanipigia simu nami nitakuja."

"Niahidi mtakuja kuishi kwangu mkioana."

"Siwezi kuahidi hilo, mama. Kazi yake iko huku. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Hapana nyingine tena! Hivi wewe nyumbani kwenu hamna neno ndiyo?"

"Lipo, mama. Nalitunza."

Safari hii mama alicheka waziwazi, akajipiga paja. Nahodha alisogea kidogo chini ya kofia yake. Pomboo wawili walipita mbali, migongo ikimeta, lakini hakuna aliyewataja.

"Na nikija huku," mama alisema baadaye, akijifanya anaitazama nanga, "nitalala wapi?"

"Kuna chumba cha wageni. Kinatazama baharini."

"Mimi si mgeni."

Mwalimu hakuthubutu kuuliza maana yake ni nini. Alishika ukingo wa boti, akatulia, akangoja.

Vichwa viliibuka majini, na kelele zikaanza kabla vipumulio havijatoka vizuri midomoni. Bibi harusi alikuwa wa kwanza kwenye ngazi.

"Tumemwona! Mkubwa, amelala chini ya mwamba! Gamba lake limevunjika likaungwa, unaona kabisa palipogandishwa!"

"Limeungwa na nani?" mama aliuliza.

"Na mwanao, mama," Ngazi alisema, akijitoa mtungi mgongoni. "Alihangaika naye mchana na usiku, tukadhani hatapona. Analala pale pale kila siku sasa."

Mama alimwangalia bibi harusi akieleza kwa mikono jinsi kasa alivyofungua jicho moja, akawatazama, akalifunga. Aliuliza gamba lina ukubwa gani. Akauliza tena. Wivu ulimjaa usoni kama mtoto aliyenyimwa zamu, naye hakuuficha, lakini hakumgeukia mwalimu kumlaumu.

Walikuwa njiani kurudi simu ya mama ilipolia ndani ya mkoba. Daktari alikuwa anapiga kelele kushinda mawimbi na injini ya boti aliyokuwa amepanda, na kila mtu alimsikia.

"Mama! Hatimaye umepokea! Najua uko wapi, usinifiche! Umezama? Umewaona?"

"Sikuzama."

"Hukuzama? Kwa nini? Umekuja mbali kote huko!"

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa?" Sauti ya daktari ilipanda kwa hofu. Alimjua mama yake, na alijua wanaomkataza huishia wapi. "Nani kathubutu kukukataza wewe, mama? Nani?"

Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya boti amewapa mgongo, mabega ameyakaza, anangoja neno lile alilolizoea. Huyo.

Mama alimtazama kwa muda, akavuta pua, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mkeo," alisema, akakata simu.